Mpiga Kinanda Asiyeonekana

Masomo ya juma: 2 Wafalme 3:9-20, Nehemia 13:10-12, Mathayo 5:1-12



Wafalme watatu walikwama nyikani na majeshi yao, maji yameisha, wanyama wanakaribia kufa. Wakamwendea nabii Elisha wapate neno. Elisha hakuanza kutabiri papo hapo. Kwanza aliomba aletewe mpiga kinanda. Yule mtu alipopiga ndipo nabii akashukiwa na nguvu za Mungu na akasema, na kesho yake asubuhi maji yakajaa lile bonde. Sasa niulize: huyo mpiga kinanda aliitwa nani? Fungua Biblia yako utafute. Hakuna jina. Wafalme tunawajua, nabii tunamjua, hata farasi wametajwa. Yeye alikuja, akapiga, akaondoka.

Wiki hii nataka tujifunze kutoka kwa mpiga kinanda mwingine. Huyu jina lake tunalo, ila waumini wa kanisa lake walimsikia miaka mingi bila kumwona. Anaitwa César Franck. Najua kuna watakaouliza, pastor, huyu ni Mkatoliki wa Paris wa zamani, anatuhusu nini? Ni kweli alikuwa Mkatoliki. Lakini wengi wetu tumeketi kwenye harusi ya binamu au ya mfanyakazi mwenzetu, tukasikia ule wimbo wa polepole unaoitwa Panis Angelicus, tukanyamaza. Muziki ule ni wake, aliutunga mwaka 1872. Kwa hivyo mgeni huyu tayari tulishamkaribisha. Ni vile hatukumuuliza jina.

Alizaliwa tarehe 10 Desemba 1822 katika mji wa Liège, ambao leo uko Ubelgiji. Baba yake, Nicolas-Joseph, alikuwa mfanyakazi wa benki. Mnajua mimi nilisomea biashara, na huwa nawasumbua hapa na mambo ya mtaji na faida, kwa hivyo habari za huyu baba zilinigusa mahali panapouma. Mzee aliona mapema kwamba kijana ana kipawa, na ndugu yake mdogo Joseph pia, kwa fidla. Akaona mtaji. Mwaka 1834, César akiwa na miaka kumi na mmoja, tayari alikuwa jukwaani akipiga piano mbele ya watu waliolipa, na mara moja mbele ya Mfalme Leopold wa Kwanza mwenyewe. Mwaka uliofuata familia nzima ikahamia Paris kutafuta soko kubwa zaidi. Chuo kikuu cha muziki cha huko, Conservatoire, hakikuwa kinapokea wageni. Baba akaomba uraia wa Ufaransa, akapewa, kijana akaingia mwaka 1837.

Huyo kijana hakuwa wa kawaida. Kwenye mtihani wa piano wa mwaka 1838 alipewa muziki asiowahi kuuona, wa kupiga palepale. Badala ya kuupiga ulivyoandikwa, aliushusha noti zote kwa sauti mbili chini, kichwani, huku anapiga. Wanamuziki wetu wanajua ugumu wa jambo hilo. Majaji walishangaa mpaka wakambunia tuzo yake peke yake. Lakini mwaka 1842, kabla hajamaliza yale ambayo angeweza kufikia pale, baba alimtoa chuoni. Sababu? Masomo hayakuwa yanaleta pesa. Matamasha ndiyo yaliyoleta. Mzee alipanga kumbi, akatafuta wafadhili, akauza tiketi, akagombana na waandishi wa magazeti. Mmoja wao alianza kuyacheka majina ya kijana, César-Auguste, ati ni ya wafalme wa Kirumi. Kejeli ililengwa kwa baba. Aliyeibeba ni mtoto.

Wazazi, hapa naomba tuketi kidogo. Siku hizi mtoto akijua kuimba, simu ziko juu, video zimeruka mtandaoni kabla hajashuka madhabahuni. Si dhambi kumrekodi mtoto wako. Lakini Efeso 6:4 tunaisoma haraka sana tukikimbilia sehemu ya watoto kutii. Nicolas-Joseph hakuwa baba mlevi, wala hakutelekeza nyumba. Alikuwa baba mwenye bidii sana. Shida ni kwamba alipomtazama mwanawe aliona mradi.

Mwisho wake ulikuja kwa kipande cha karatasi. César alikuwa akifundisha piano binti mmoja, Félicité Desmousseaux, na wakapendana. Wazazi wa binti walikuwa waigizaji, na mzee Franck hakutaka kusikia habari hizo. Mwaka 1846 alipekua karatasi za mwanawe, akakuta wimbo ulioandikwa juu kwamba ni zawadi kwa Félicité. Akaurarua mbele ya macho yake. César hakujibizana. Alitoka, akaenda moja kwa moja hadi kwa kina Félicité, akaketi, akauandika upya wote kutoka kichwani, akampa. Mwezi Julai mwaka huohuo aliondoka kwa baba yake na kile tu alichoweza kubeba mkononi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kutoka hapo akaacha jina la Auguste, akajiita César Franck basi.

Wakafunga ndoa tarehe 22 Februari 1848. Siku hiyo hiyo mapinduzi yalilipuka Paris. Barabara ya kwenda kanisani ilikuwa imefungwa kwa vizuizi, na bibi harusi na wageni ikabidi waparamie mawe na mbao huku waasi wenyewe wakiwashika mkono wavuke. (Kina dada wanaolia gari la harusi likichelewa, mmesikia?) Wazazi wa César walifika na kutia sahihi kwenye kitabu cha ndoa. Naipenda sana sahihi hiyo. Yote hayakuwa yamepona, lakini walikuja.

Na sasa yule kijana aliyepigia mfalme alikuwa amepata kazi gani? Msaidizi wa mpiga ogani. Msaidizi! Katika kanisa la Notre-Dame-de-Lorette, lilelile alilofungia ndoa. Mimi ni mchungaji msaidizi, najua ladha ya neno hilo. Unafungua kanisa, unafunga kanisa, na mgeni akija anauliza, mchungaji mwenyewe yuko?

Ogani, kwa wasioijua, ni kinanda kikubwa chenye mabomba mamia, wakati mwingine maelfu, na kila bomba lina sauti yake. Upepo ndio unaoyaliza. Zama hizo hakukuwa na umeme wa kusukuma upepo, kwa hivyo nyuma ya ogani walikuwako watu wa kuendesha mivukuto ibada nzima. Wakichoka, muziki unakufa. Kama mpiga ogani haonekani, hao ndio kabisa! Mpigaji hutumia mikono kwenye safu mbili au tatu za vitufe, na miguu pia, maana chini kuna vitufe vya mbao vya kukanyaga kwa noti za chini.

Baada ya Notre-Dame-de-Lorette alihamia kanisa dogo mtaa wa Marais, halafu mwanzoni mwa 1858 akaitwa Sainte-Clotilde, kanisa ambalo lilikuwa jipya kabisa, kusimamia muziki. Fundi mkubwa kuliko wote wa ogani nchini Ufaransa, Aristide Cavaillé-Coll, alikuwa akilijengea kanisa hilo chombo kipya. Hapa kuna jambo ambalo nimelirudia kwenye maombi yangu. Franck aligundua miguu yake haiko sawa. Yeye alikuwa mtu wa piano. Mikono ilikuwa hodari, miguu mizito. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, ana mke, ana watoto, ana wanafunzi wa kufundisha mchana kutwa. Akanunua vitufe vya miguu vya kufanyia mazoezi, akaviweka nyumbani, akaanza kujifunza kama mtoto wa darasa la kwanza. Ogani ilipozinduliwa tarehe 19 Desemba 1859, yeye alikuwa mmoja wa wawili walioipiga siku hiyo. Alikaa kwenye kiti hicho hadi kufa, miaka zaidi ya thelathini.

Kiti chenyewe kilikuwa juu kwenye roshani, nyuma ya kanisa, juu ya mlango mkubwa. Watu wanatazama madhabahu, sauti inatoka nyuma ya vichwa vyao. Na sehemu kubwa ya alichokipiga haikuandikwa popote. Aliketi, akasikiliza ibada inakwendaje, akachukua wazo fupi la noti chache, akalijenga papo hapo, dakika baada ya dakika, kufuatana na kinachoendelea madhabahuni. Ibada ikiisha, na muziki umeisha. Hakuna mtambo wa kurekodi. Mwaka 1866 Franz Liszt, ambaye jina lake lilijulikana Ulaya yote, alipanda roshani ile akasikiliza, akashuka akisema kilichopo pale kinastahili kukaa pamoja na kazi za Bach. Lakini Jumapili nyingine zote? Waliosikia ni waliokuja kusali, na wengine wao, nina hakika, walikuwa wanasinzia.

Kama mtu wa biashara nilijaribu kupiga hesabu ya jambo hili, nikashindwa niiweke safu gani. Kazi bora ya maisha ya mtu, miaka thelathini, imetoka mkononi ikaenda hewani.

Maisha yake ya kila siku tunayajua zaidi kupitia Vincent d'Indy, mwanafunzi wake, aliyeandika kitabu juu yake. D'Indy alimpenda mno, na kuna mahali anamwandika kama malaika, kwa hivyo tusome kwa kiasi. Lakini ratiba haidanganyi. Kiangazi au baridi, Franck aliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Saa mbili za kwanza zilikuwa zake: kufikiri na kutunga. Saa moja na nusu anakula kidogo, halafu anatoka, na kutwa nzima anazunguka Paris kutoka nyumba hadi nyumba akifundisha watoto wa watu piano, wengine hawana hata nia ya kujifunza. Kanisa lilimlipa, lakini si pesa za kutosha kulisha nyumba. Jioni anarudi, na bado kuna wanafunzi. Karibu kila kitu tunachomjua nacho leo kilitoka kwenye zile saa mbili za alfajiri.

Mojawapo ni Les Béatitudes, yaani zile heri nane za Mathayo 5, kwa kwaya kubwa, waimbaji wa peke yao na okestra. Alianza mwaka 1869, akamaliza 1879. Miaka kumi kwa aya ambazo sisi huzisoma kwa dakika mbili. Alipomaliza alitaka wakubwa waisikie. Hakuwa na pesa za okestra, akapanga iimbwe nyumbani kwake kwa piano. Akaalika waziri anayehusika na sanaa, mkuu wa Conservatoire, mkuu wa jumba la opera. D'Indy anasimulia kwamba wakubwa walituma udhuru. Siku chache kabla Franck akaumia mkono, ikabidi d'Indy mwenyewe apige piano. Waliofika walianza kuondoka mmojammoja, hadi mwisho wakabaki wageni wawili tu. Wimbo wenyewe unasema juu ya maskini wa roho, wenye huzuni, wapole. Alivunjika moyo, na kwa muda alifikiri aikatekate iimbwe vipande vipande. Hakuwahi kuisikia nzima na okestra. Ilifanyika akiwa ameshakufa.

Tusimfanye mtu asiyejali. Alijali. Alitunga opera ambazo jukwaa halikuziona akiwa hai, na hakuna anayetunga opera akiwa hataki kusikika. Mwaka 1885 serikali ilimpa nishani, wanafunzi wake wakakasirika kwa sababu alipewa kama mwalimu wa ogani, kana kwamba hakuwahi kutunga chochote. Simfoni yake ilipigwa mara ya kwanza Februari 1889, na watu wengi waliipokea baridi. Akarudi nyumbani, wakamuuliza imekuwaje. Yeye akawaambia imesikika vizuri, vile alivyokuwa amewaza itasikika. Nimelitafakari jibu hilo wiki nzima. Familia walitaka kujua kama walipiga makofi. Yeye aliwajibu juu ya muziki.

Upande mmoja tu wa maisha yake ulimpa matunda mapema, na ni ule wa wanafunzi. Mwaka 1872 aliteuliwa mwalimu wa ogani pale Conservatoire. (Ndipo ikagunduliwa kwamba hana uraia! Ule wa baba ulimfunika akiwa mtoto tu. Akaanza kufuatilia karatasi upya akiwa na miaka karibu hamsini. Waliopanga foleni ya kitambulisho mtamhurumia.) Darasa likawa kama nyumba. Chausson, Duparc, d'Indy na wengine waliomzunguka walimwita Père Franck, yaani Baba Franck. Neno hilo kwake lilikuwa na historia, na nadhani alichagua kuwa baba wa namna nyingine. Alishughulika pia na shule ya vijana vipofu ya Paris, akatayarisha muziki wa ogani wa Bach uchapishwe kwa maandishi ya Braille, pamoja na namba za vidole, ili wasioona wausome kwa kugusa. Kijana mmoja aliyekuwa karibu kipofu, Louis Vierne, alitoka mikononi mwake, akaja kuwa mpiga ogani wa Notre-Dame ya Paris.

Makofi yenyewe yalikuja Aprili 1890. Kazi yake ya fidla mbili, viola na selo ilipigwa, na ukumbi ukasimama. Alikuwa na miaka sitini na saba. Kabla mwaka haujaisha, gari la farasi alilopanda liligongana na basi la farasi, akaumia. Akaendelea. Kiangazi hicho aliandika vipande vitatu vya mwisho vya ogani, akarudi darasani Oktoba, akashikwa na baridi iliyoingia kifuani, akafa tarehe 8 Novemba 1890.

Sasa someni Nehemia 13 kuanzia mstari wa 10. Nehemia alirudi Yerusalemu akakuta nyumba ya Mungu imenyamaza. Waimbaji na Walawi hawakuwa wameasi imani. Walikuwa wameacha kupewa posho yao, kwa hivyo kila mmoja amerudi shambani kwake kulima ale. Nehemia hakuwakemea waimbaji. Aliwakemea viongozi.

Hapa lazima niseme langu. Miaka miwili iliyopita, katika kamati ya fedha, mimi ndiye niliyependekeza nauli ya wanamuziki iondolewe kwenye bajeti. Nilikuwa na jedwali zuri. Nilisema huduma ni ya kujitolea, na kila mtu kwenye meza akasema amina. Baada ya miezi miwili kijana aliyekuwa akipiga kinanda aliacha kuja. Tulisema amerudi nyuma. Tulimwombea hata kwenye kesha, kwa jina. Baadaye nilikuja kujua alikuwa akipanda matatu mbili kuja mazoezi Alhamisi na mbili kurudi, halafu tena Jumapili, na kibarua chake cha juma kilikuwa kimeisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza. Ibada iliendelea, tukapata kijana mwingine, na jedwali langu likaonyesha tumeokoa pesa.

Vikundi vya nyumbani, mkikutana Jumatano, anzeni na Elisha, mmalizie na Nehemia, na kila kikundi kiandike majina matatu ya watu wanaohudumu hapa kanisani na ambao hamjawahi kuwaona mbele: anayewasha mitambo, anayefua vitambaa vya meza ya Bwana, anayefika saa kumi na mbili asubuhi kupanga viti. Mtuletee majina, kamati inakutana Jumamosi. Mimi nitarudisha lile pendekezo la nauli, safari hii nikiliomba lirudi.

Yule kijana nilimpigia simu Jumatatu. Nilimwambia nimekosa, nikamweleza kosa lenyewe. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama ile noti ya chini iliyokuwa inakwama kwenye kinanda ilitengenezwa. Nilikuwa sijui. Nilienda kanisani jioni hiyo nikaijaribu mwenyewe, noti kwa noti, mpaka nikaifikia. Bado inakwama.